Malori ya Barabara ya Mandela na usingizi wa mtoto: je, vioo viwili vitasaidia?

Swali: Tunaishi Tabata, mstari wa pili kutoka Barabara ya Mandela. Malori ya bandarini yanapita usiku kucha, na mwisho wa wiki kuna baa mbele kidogo, upande huohuo wa barabara, inayopiga muziki mpaka usiku wa manane. Chumba chetu cha kulala kinatazama barabarani na kina dirisha moja la alumini la kuslaidi, upana mita 1.5, urefu mita 1.2, kioo cha milimita 5. Fundi ananiambia dawa ni kung'oa hilo na kuweka la vioo viwili vya milimita 4, na bei yake inakaribia mara tatu ya dirisha la kawaida. Nina mtoto mchanga, na mume wangu anaamka saa kumi alfajiri kwenda kazini. Je, nitoe hiyo hela, au mapazia mazito yangetosha?

Jibu: Dada, pole kwa usiku wa namna hiyo, na hongera kwa kupata mtoto. Kwa ufupi, hela hiyo usiitoe, angalau si kwa kazi aliyokueleza fundi wako. Dirisha la vioo viwili vyembamba vilivyobanwa pamoja ndani ya fremu moja lilienea katika nchi za baridi kwa sababu linazuia joto la ndani lisitoroke, na dhidi ya muungurumo wa malori linaweza kukupa matokeo mabaya kuliko kioo kimoja ulichonacho sasa. Najua jambo hilo linashangaza, kwa hiyo nitalieleza kwa hesabu. Lakini kuna mambo mawili yanayotangulia kioo, ambayo mafundi wengi hawayagusi kabisa: mianya iliyo kuzunguka dirisha na juu yake, na namna mtakavyopata hewa humo chumbani dirisha likishafungwa barabara katika joto la Dar es Salaam. Ukiyaruka hayo mawili, kioo cha bei yoyote kitakuangusha.

Tuanze na kiasi cha utulivu mnachohitaji. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 1999, lilisema kwamba ili mtu alale vizuri, wastani wa kelele ndani ya chumba usizidi desibeli 30, na kelele ya ghafla, kama honi au lori linalopita, isizidi desibeli 45 hapo hapo ndani. Kikomo hiki cha pili ndicho kinachokuhusu zaidi. Usingizi hukatwa na kishindo kimoja kinachoruka juu ya ukimya uliotangulia zaidi kuliko mvumo mmoja wa kudumu, na ndiyo maana mtu anaweza kulala fofofo penye feni lakini akashtuka lori likiachia breki za upepo. Kando ya barabara kuu yenye malori, wastani wa desibeli 65 usiku si jambo la ajabu, na lori moja lililobeba kontena hufikisha 80 kwa sekunde chache. Kwenu, mstari wa pili, nyumba za mbele zinakata kidogo. Tuseme kishindo kinafika dirishani kikiwa na desibeli 75. Ili ndani kiwe 45, dirisha na ukuta kwa pamoja lazima vizuie 30.

Desibeli hazihesabiki kama kilo za mchele. Zikipungua 10, sikio linaona kelele imekuwa nusu ya ilivyokuwa, na zikipungua 3 mtu wa kawaida anaweza asitambue tofauti. Kwa hiyo mtu akikuuzia kitu kinachopunguza desibeli 2 au 3, hata kama maneno yake ni ya kweli, hutalala tofauti na jana. Kitu cha kutafuta ni tofauti ya 10 na kuendelea.

Sasa twende kwenye mianya, ambako ningekuomba utumie muda wako mwingi kuliko mahali pengine popote. Sauti hupita penye upenyo kama maji: haijali ukuta ni mnene kiasi gani ikiwa kuna tundu. Dirisha lenu lina eneo la mita za mraba 1.8, yaani sentimita za mraba 18,000. Sehemu moja ya elfu ya eneo hilo ni sentimita za mraba 18, karibu sawa na uso wa kiberiti kimoja. Tundu la ukubwa huo likiwapo, basi hata ufunge kioo chenye uwezo wa kuzuia desibeli 50, dirisha zima haliwezi kuzuia zaidi ya 30. Tundu likiwa mara kumi ya hapo, kikomo kinashuka hadi 20. Na huhitaji tundu linaloonekana kwa macho, kwa sababu mwanya wa milimita moja ukitembea urefu wa mita 1.8 unatimiza hizo sentimita za mraba 18, na mzunguko wa dirisha lenu ni mita 5.4.

Chukua tochi usiku wa leo, zima taa ya chumbani, na mwombe mume wako asimame nje akimulika polepole kuzunguka fremu yote huku wewe ukitazama kutoka ndani. Angalia kwanza pale katikati, vipande viwili vinapopishana. Mwanga utauona umesimama wima kama uzi kuanzia chini hadi juu, kwa sababu kilichopo hapo ni brashi ya nywele tu, ambayo baada ya miaka michache ya vumbi hulala upande mmoja na kuacha nafasi wazi. Shuka kwenye reli ya chini, utaona vitundu vya kutolea maji ya mvua, na pembe za reli ambako brashi ilikatwa fupi. Kisha mwambie amulike nje ya fremu yenyewe, pale alumini inapokutana na ukuta. Mara nyingi fundi alipachika fremu kwa skrubu, mpiga plasta akaja kufunika ukingo kwa nje, na ndani ya plasta kukabaki uwazi mtupu ambao haukujazwa kitu. Kama mwanga hauonekani lakini una shaka, washa udi, zima feni, pitisha moshi wake taratibu kando ya fremu usiku wenye upepo. Moshi ukipinda, hapo hewa inapita, na penye hewa sauti inapita pia.

Usiishie kwenye dirisha. Inua macho juu yake. Nyumba nyingi za Dar es Salaam, hasa za zamani kidogo, zina matofali ya matundu juu ya kila dirisha, na wenye nyumba hubadilisha madirisha mara mbili bila kukumbuka kwamba yale matundu yako wazi saa zote. Nimepima vyumba ambavyo dirisha jipya la bei kubwa halikubadilisha chochote kwa sababu hiyo tu. Tazama pia tundu la bomba la AC ukutani, ambalo kwa kawaida hutobolewa kubwa kuliko bomba lenyewe na kuachwa hivyo, na tazama chini ya paa, pale mabati yanapokutana na ukuta: kama pako wazi na dari yenu ni jipsamu nyembamba, sauti inaingia darini kwanza kisha inashuka kitandani. Tundu la AC linazibwa kwa silikoni. Sehemu ya chini ya paa huzibwa kwa tofali na chokaa, au hutandazwa pamba ya madini, ile ya kuzuia joto na sauti, juu ya dari, na kazi hiyo inapunguza pia joto la mabati mchana, jambo ambalo mtoto wenu atalifurahia kabla hata ya kelele kupungua. Kuhusu matofali ya matundu nitasema baadaye kidogo, maana hayo ndiyo yanayowapa hewa na si vyema kuyaziba kwa pupa.

Baada ya mianya inakuja fremu. Dirisha la kuslaidi lina udhaifu wa asili. Ili kipande kiteleze, lazima kiwe na nafasi ya kuteleza, na nafasi hiyo ndiyo mwanya. Ndiyo maana dirisha la namna hiyo lenye kioo cha milimita 5, ambacho chenyewe kinaweza kuzuia karibu 30, huishia kuzuia 20 na kitu. Dirisha la bawaba, linalofunguka kama mlango na kukandamiza mpira pande zote nne kitasa kinapofungwa, halina udhaifu huo. Kwa kelele, dirisha la bawaba lenye kioo cha kawaida hulishinda la kuslaidi lenye kioo cha gharama. Ikiwa fremu ni ya alumini au ya plastiki ngumu si jambo kubwa, mradi mpira uwe laini, uende mfululizo bila kukatika kwenye pembe, na kitasa kikaze angalau sehemu mbili, juu na chini. Jaribio lake ni rahisi: fungia ukanda wa karatasi kati ya dirisha na fremu, kisha uvute. Ukitoka bila kung'ang'ania, mpira haukandamizwi hapo.

Ninaelewa kwa nini kila mtu mjini anaweka slaidi. Nondo ziko nje, wavu wa mbu uko kati, na dirisha linafunguka bila kugusa kimoja wala kingine. Dirisha la bawaba linalofunguka nje linataka nondo na wavu vihamie ndani, tena viwe na sehemu ya kufunguka ili mkono ufike kwenye kitasa, na linalofunguka ndani linakula nafasi ya pazia na ya meza iliyo chini yake. Hayo ni mambo ya kupangwa na fundi kabla hajakata alumini. Pia hakikisha grili ya chumba hicho, popote itakapokaa, ina kipande kinachofunguka kwa ndani na ufunguo wake unajulikana na kila mtu mzima wa nyumba, kwa sababu chumba kilichozibwa kila upande kisicho na pa kutokea moto ukitokea ni hatari kubwa kuliko kelele yoyote.

Ndipo tufike kwenye kioo, na ahadi ya fundi wako. Uwezo wa kioo kuzuia sauti huandikwa kwa alama ya Rw, na kwenye karatasi za watengenezaji makini hufuatwa na namba mbili kwenye mabano. Ya pili kati ya hizo ndiyo ya kelele za magari, na unaitoa kwenye Rw yenyewe ili kupata uwezo halisi mbele ya barabara. Kwa mujibu wa kiwango cha Ulaya cha vioo vya majengo, kioo kimoja cha milimita 5 kina Rw 30, na kwa magari unatoa 2, kinabaki 28. Vioo viwili vya milimita 4 vilivyoachana nafasi ndogo, kama milimita 12, vina Rw 29, na kwa magari unatoa 4, vinabaki 25. Umesoma sawasawa, dada: pendekezo la fundi wako, kwa malori, liko chini ya ulichonacho.

Sababu yake ni kwamba vioo viwili vyenye uzito sawa na hewa kidogo kati yao hugeuka kuwa kitu kinachotetema. Hewa iliyobanwa inafanya kazi ya springi, na vioo vinacheza juu yake kwa mtetemo wake maalumu. Kwa milimita 4, nafasi ya 12, milimita 4, mtetemo huo uko karibu na hezi 245, yaani mara 245 kwa sekunde, jirani kabisa na ngurumo ya injini kubwa na matairi. Mahali hapo vioo viwili vinapitisha sauti kwa urahisi kuliko kimoja. Nafasi ikiongezwa kufika sentimita 10 kwa vioo vya milimita 6, mtetemo unashuka hadi karibu na hezi 70, chini ya sehemu kubwa ya kelele za barabarani, na hapo ndipo vioo viwili vinapoanza kufanya kazi kweli. Kwa hiyo wazo la vioo viwili si baya lenyewe. Ubaya uko kwenye nafasi ndogo na unene unaofanana.

Kuongeza unene wa kioo kimoja kunasaidia, ila kwa kiasi. Kila milimita ya kioo ina uzito wa kilo 2.5 kwa mita ya mraba, na kwa kanuni ya jumla uzito ukiongezeka mara mbili unapata desibeli 5 au 6 kwenye sauti nzito. Lakini kioo kinene nacho kina sehemu yake dhaifu kwenye sauti nyembamba, karibu na hezi 2,000 kwa milimita 6 na hezi 1,200 kwa milimita 10, kwa hiyo faida ya jumla ni ndogo kuliko uzito unavyoahidi. Kioo cha lamineti, ambacho ni vioo viwili vilivyogandishwa pamoja kwa utando wa plastiki, aina ileile iliyo mbele ya gari, kinatuliza udhaifu huo kwa sababu utando unameza mtetemo. Kile cha unene wa jumla wa milimita 10 kina Rw 34, na kwa magari kinabaki 31. Kioo kilichoimarishwa kwa moto, kile mafundi wanachokiita tempadi, ni kigumu kuvunjika, lakini kwa kelele hakizidi cha kawaida cha unene uleule, na rangi ya kioo nayo haina kazi hapa.

Ukiniuliza mimi ningefanya nini ningekuwa mahali pako, dirisha lenu nisingeling'oa. Ningeliacha lilipo, nikaliziba mianya, kisha nikaongeza dirisha la pili kwa ndani. Hilo la ndani liwe la bawaba, lenye mpira pande zote, na kioo cha lamineti cha milimita 6 au zaidi, likae angalau sentimita 10 kutoka kwenye kioo cha nje. Unene wa 5 nje na 6 ya lamineti ndani tayari haufanani, jambo ambalo ni jema, maana kila kioo kinaficha udhaifu wa mwenzake. Mpangilio wa namna hii ukifungwa vizuri hufika desibeli 40, wakati mwingine zaidi, na hakuna kioo kimoja cha bei ya kawaida kinachokaribia hapo. Hata kwenu, ambako la nje ni slaidi inayovuja kidogo, matarajio yangu ni kwamba mtaongeza 10 hadi 15 juu ya mlichonacho, na kishindo kile cha 75 kitaingia chumbani kikiwa chini ya kikomo cha 45.

Unene wa ukuta ndio utakaoamua kama inawezekana kirahisi. Ukuta wa tofali la inchi 6 pamoja na plasta pande zote mbili hauzidi sana sentimita 18, na fremu ya slaidi inachukua kama 7 au 8 kati ya hizo. Pima kwa rula kutoka kwenye kioo cha ndani cha slaidi hadi uso wa ukuta wa chumbani. Ukipata sentimita 5 tu, kama ilivyo kwenye nyumba nyingi ambako fremu imewekwa katikati ya ukuta, fundi seremala atatengeneza boksi la mbao ngumu linalotoka ndani ya chumba kwa sentimita 6 au 7, likazibwa kwa silikoni linapokutana na ukuta, na dirisha la pili likapachikwa juu yake. Halionekani baya, ni kama kingo nene ya dirisha. Kuta za ndani ya boksi hilo, juu na pembeni, zivikwe pamba ya madini yenye unene wa sentimita 2 iliyofunikwa kitambaa, kwa sababu sauti inayozunguka kati ya vioo hufia humo. Mbao ya chini iache wazi, maana vumbi la Mandela litatua hapo na utataka kulifuta.

Angalizo moja kuhusu unyevu. Hewa ya Dar es Salaam miezi ya joto imebeba maji mengi, na la nje linavuja. Ukishusha AC hadi nyuzi 18, kioo cha ndani kitapoa na kutoa jasho upande wa katikati, na kitambaa kitaanza kuota ukungu. Ukiiweka kwenye 25 au 26 na feni ikizunguka, tatizo hilo kwa kawaida halitokei, na bili ya umeme itakushukuru. Hii pia ndiyo sababu dirisha la ndani lazima lifunguke. Usikubali fundi akupachikie kioo cha kudumu.

Na hapo ndipo swali la hewa linapokuja, ambalo kwa watu wa pwani ndilo kubwa kuliko yote. Dirisha lililoachwa wazi nusu linazuia desibeli 10 hadi 15 tu, hata liwe la dhahabu. Kwa maneno mengine, fedha zote hizi zina faida kwa saa zile tu ambazo dirisha limefungwa, na mtu hawezi kulifunga mwezi Februari bila kujipanga. Watu wengi wanaamini kwamba AC ya ukutani huleta hewa safi. Haileti. AC ya kawaida inachukua hewa ya humo humo chumbani, inaipoza na kuirudisha. Watu watatu wakilala kwenye chumba kilichozibwa kila upande, hewa inachakaa kadiri usiku unavyosonga, na mnaamka vichwa vizito mkidhani ni uchovu. Dawa ya mbu ya kuchoma na jiko la mkaa havina nafasi kabisa kwenye chumba cha namna hiyo, hata kwa dakika chache, kwa sababu hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa huua mtu akiwa usingizini.

Njia ya kwanza na ya bei nafuu ni kuvuta hewa kutoka upande wa nyuma wa nyumba. Upande usiotazama barabara huwa na kelele pungufu kwa desibeli 10 au zaidi kwa sababu nyumba yenyewe inakuwa kizuizi. Acheni dirisha la huko wazi likiwa na wavu, acheni mlango wa chumba chenu nusu wazi au ukateni chini sentimita 2, na wekeni feni ndogo ya kutoa hewa chumbani inayopitia kwenye yale matofali ya matundu. Matundu hayo msiyazibe kwa saruji. Yajengeeni upande wa ndani kisanduku cha mbao chenye kona mbili, kilichovikwa pamba ya madini ndani, ili hewa ipinde na kupita lakini sauti igonge pamba na kufifia. Fundi seremala yeyote mwangalifu anaweza kukitengeneza kwa siku moja ukimchorea. Kona ndizo zinazofanya kazi. Kisanduku kilichonyooka hakina maana.

Kabla ya kununua chochote, tafakarini kama mnaweza kuhamia chumba cha nyuma. Sijui mpango wa nyumba yenu, lakini kama kuna chumba cha watoto au cha wageni upande wa pili, kubadilishana vyumba kunaweza kuwapa zile desibeli 10 bila gharama. Ni ushauri ambao wateja huupokea kwa shingo upande, kwa sababu chumba cha mbele ndicho kikubwa na ndicho kilichopangiwa kitanda. Mimi ningehama angalau mpaka mtoto afikishe mwaka.

Umeuliza kuhusu mapazia mazito. Mapazia yanapunguza mwangwi ndani ya chumba, kwa hiyo sauti ikishaingia haitangatangi kwa muda mrefu, na masikio yanapata nafuu kidogo. Lakini kuzuia lori lisisikike hayawezi, kwa kuwa hayana uzito wa kutosha na hewa inapita kwenye kitambaa. Trei za mayai ukutani hazizuii chochote, na zinashika moto haraka. Miti uani ni mizuri kwa kivuli na vumbi, ila kwa kelele mstari mmoja wa miti ni kama haupo. Ukuta wa uzio husaidia pale tu unapokata mstari wa macho kati ya kitanda chako na magari: ukisimama dirishani ukaona matairi ya malori, uzio haujafika, ukiuinua mpaka usiyaone, unapata kama desibeli 5, na zaidi kidogo ukiendelea juu.

Muziki wa baa ni suala jingine. Besi inayokutetemesha kifuani iko kati ya hezi 50 na 100, na hapo dirisha la aina yoyote ni dhaifu, pamoja na lile ninalokupendekezea. Litakupunguzia maneno na ngoma za juu, lakini mdundo utabaki. Huo unamalizwa kwenye chanzo. Tanzania ina kanuni za viwango vya kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, ndio wanaozisimamia. Anzeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mkiwa majirani kadhaa na si nyumba moja, mkiwa mmeandika tarehe na saa za kila usiku. Mara nyingi suluhisho ni dogo: spika igeuzwe itazame upande mwingine na isipigwe nje, na besi ishushwe baada ya saa nne.

Kwa hiyo mpangilio wa matumizi yako, nikiuweka kwa kufuatana, ni huu. Wiki hii jaribu tochi na udi, kisha ziba kwa silikoni mwanya wa kati ya fremu na ukuta pamoja na tundu la AC, ziba uwazi wa chini ya paa kwa tofali na chokaa, na umwambie fundi abadilishe brashi zote za slaidi kwa mpya zilizo nene. Kazi hiyo haina gharama kubwa, na kwenye madirisha yanayovuja sana tofauti yake husikika usiku uleule. Lala nayo wiki mbili. Kama haitoshi, tengeneza kisanduku cha hewa, halafu dirisha la pili la ndani, kwenye chumba chenu tu, si nyumba nzima.

Ukienda kuagiza hilo la pili, usiagize kwa jina la jumla la vioo viwili. Mwandikie fundi: dirisha la bawaba, mpira pande nne bila kukatika, kitasa cha kukaza juu na chini, kioo cha lamineti milimita 6, nafasi ya sentimita 10 kutoka kioo cha nje, silikoni kuzunguka fremu yote kabla ya plasta. Kubalianeni kwamba sehemu ya mwisho ya malipo itatolewa baada ya ukaguzi wa usiku. Programu ya simu ya kupima sauti haina usahihi wa chombo cha kitaalamu, lakini kwa kulinganisha inatosha: weka simu ileile juu ya mto uleule, saa ileile, usiku mmoja kabla ya kazi na usiku mmoja baada, feni ikiwa imezimwa, na uandike namba ya juu kabisa lori linapopita. Kama tofauti haifiki 10, mwite fundi aje na tochi yake kabla hujammalizia hela.